Mraba Mweupe wa Nabuloli

Mwalimu,

Sikuulizi hali, maana najua utaninyamazia kama ulivyoninyamazia mara ya mwisho. Nimekuja na jambo moja na nitalisema kabla ujasiri haujaniisha. Ile ramani niliyoituma Bungoma bila ruhusa yako, ile yenye jina lako na langu pale chini, nusura imalize kinamasi cha Nabuloli. Ilibaki kidogo tu. Na hilo si baya pekee ililofanya.

Nimekaa kwenye kiti chako, chumba cha nyuma cha nyumba yako, hapa Kitale. Ni asubuhi. Mafuvu yako ya panya na popo yako palepale kwenye maboksi ya viatu, kila moja na kikaratasi chake, na ngozi ya kanu, yule mwizi wa kuku, bado inaning'inia juu ya dirisha ikimtisha paka wa jirani. Wiki tano zimepita tangu tukuzike Cheptais. Watu wamerudi kwa mahindi yao. Mimi sijarudi popote. Asubuhi nakukasirikia, mchana nakulilia, jioni nakukasirikia tena, na hasira yenyewe haina pa kwenda kwa sababu mtu wa kugombana naye ameniondokea.

Unakumbuka tulichogombania. Kamati ya ardhi ilikuwa imetuandikia. Walitaka kujua kitu kimoja: wakikausha Nabuloli wakawagawia watu mashamba, kuna mnyama atakayepotea ambaye hayuko pahali pengine? Walituuliza sisi kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na daftari. Wewe ulianza kuziandika ukiwa bado unafundisha bayolojia, mimi nikakukuta nazo nilipomaliza shule, na miaka kumi na mmoja tukaandika pamoja mnyama gani ameonwa wapi, kutoka msitu wa juu Cheptais mpaka mashamba ya Webuye.

Ukachora ramani kwa miraba mikubwa, kilomita ishirini na tano kila upande. Nikaitazama nikawaka. Haya unayajua, lakini wacha niyaseme, maana juzi nimelazimika kuyaeleza mbele ya watu wasioyajua na nikasikia jinsi yanavyosikika. Unaikata nchi kwa miraba. Kila mraba unauandikia wanyama wake. Halafu unalinganisha: miraba ambayo wanyama wake wanafanana unaipaka rangi moja, na hapo unaona hii ni nchi ya mlima, hii ni nchi ya tambarare. Ni hivyo tu. Lakini yote yanategemea umekata mraba wa ukubwa gani. Kwenye miraba yako, mbega wa msituni na kalunguyeye wa shamba la mahindi walikaa pamoja utadhani wanakula sahani moja. Na Nabuloli, kinamasi ambacho mtu hodari anakizunguka kabla ya chakula cha mchana, kilimezwa na mashamba yote yaliyo kando yake. Nzohe wake, wale swala wa majini, na fisi maji wake wakawa mali ya mraba mzima. Mraba wa jirani nao ulikuwa na nzohe, wa kinamasi kingine huko upande wa Kitale. Rangi moja. Mtu akiiangalia ramani ile anasema, kausheni tu, wanyama hawa wako kila mahali.

Nikakuambia, "Mwalimu, mraba wako umekula kinamasi." Ukasema tuuache hivyo hivyo. Nikasema tukate wa kilomita mbili. Ukavua miwani ukasema, "Nasimiyu, mraba mdogo unataka tujue pahali haswa. Sisi hatujui."

Mungu wangu, si ungeongeza sentensi moja? Moja tu! Lakini na mimi sikuuliza. Nilisikia mzee aliyechoka, nikakuambia maneno ambayo msichana wa kwetu hamwambii mtu wa rika la baba yake. Nilikuambia unaogopa kazi. Nilikuambia umezeeka na hutaki kukubali. Ukaenda ukaosha kikombe chako, ukakifunika kwenye trei, ukatoka bila kufunga mlango.

Wikendi hiyo ulikuwa kwenu Cheptais kwa mahari ya mpwa wako. Nikakata miraba yangu. Siku mbili nzima mbele ya kompyuta, chai na mandazi, sikwenda hata kanisani. Miraba yako ilikuwa na rangi tatu. Yangu ilitoa kumi na tisa. Ilipendeza, Mwalimu, ilipendeza kama kitenge kipya. Nikaona nimekushinda. Nikaituma kwa kamati, na nikaliweka jina lako mbele ya langu, ati kwa heshima. Heshima gani hiyo!

Karani wao ndiye aliyekupigia simu kukushukuru, na hivyo ndivyo ulivyojua. Uliporudi ulisimama pale mlangoni na mkoba begani ukaniuliza, "Umetuma?" Nikasema ndiyo. Ukasema, "Sawa." Bana, hiyo sawa yako! Heri ungenitukana. Heri ungenifukuza kazi.

Siku tatu zilizofuata ulitoka mapema, ukasema unakwenda kliniki ya presha. Mama Chebet, mkeo, aliamini. Mimi niliamini nusu. Nilidhani hutaki kukaa chumba kimoja na mimi. Siku ya tatu, saa nane mchana, nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. "Mzee wenu ameanguka. Tumemtoa Misikhu, tuko naye hospitali hapa Webuye." Nilipofika walikuwa wameshakufunika.

Wasifu wako niliuandika mimi. Familia iliniomba, kwa kuwa mimi ndiye ninayeijua kazi yako. Niliandika shule ulizofundisha, nikaandika vile ulivyokuwa ukiweka mitego ya panya kwa karanga za kusaga na dagaa mpaka watoto wa Cheptais wakakuita Baba Panya, nikaandika mwishoni, "Aliaga dunia ghafla huko Misikhu." Ukasomwa hivyo mbele ya umati wote. Ukachapishwa hivyo kwenye ratiba ya mazishi, na picha yako juu, ile ya tai ya bluu uliyokuwa huipendi.

Siku tisa baada ya mazishi, barua ya kamati ikaja. Naikumbuka neno kwa neno. "Kwa mujibu wa ramani yenu, mraba wa Nabuloli hauna mamalia hata mmoja. Kamati inawashukuru kwa kazi nzuri na itakutana kuidhinisha mgao." Nilikuwa nimesimama. Nikakaa. Nikaifungua ramani. Kweli kabisa. Mraba wa Nabuloli ulikuwa mweupe pe. Hata panya hakuwemo. Na mimi siku mbili zile nilikuwa nikifurahia rangi, weupe nikauruka kwa macho.

Halafu nikautazama mraba wa soko la Misikhu. Lo! Misikhu ilikuwa na nzohe. Ilikuwa na fisi maji, na nungunungu, na popo wa aina nne. Katikati ya nyanya na mitumba, ati nzohe, mnyama anayetembea juu ya matope kwa kwato ndefu na kujizamisha majini akiacha pua! Soko la Cheptais nalo lilikuwa limejaa mbega. Na huko kwingine, mraba mmoja wenye fuko mmoja tu ulikuwa umejipaka rangi yake peke yake kana kwamba ni nchi ngeni, kwa sababu tu hakuna mtu mwingine wa hapo aliyewahi kuulizwa kitu.

Nilicheka, Mwalimu. Nilicheka vibaya mpaka jirani akaja kuchungulia. Nilikuwa nimeelewa.

Meza yetu. Siku ya soko tunaiweka kando ya poshomili, tunapanga mafuvu na ngozi na picha, na watu wakingojea mahindi yao yasagwe wanakuja kuangalia. "Huyu namjua! Huyu alikula kuku wangu!" Wewe unauliza maswali, mimi naandika. Mnyama gani. Lini. Jina lako nani. Unatoka wapi. Na mtu wa huku ukimuuliza anatoka wapi, anakutajia soko lake. Ndivyo tulivyo. Hata mimi, Kitale wakiniuliza natoka wapi nasema Misikhu, na nyumbani kwa baba ni mwendo wa saa nzima kutoka Misikhu, ng'ambo ya kijito. Anayekata mafunjo Nabuloli atakuambia anatoka Misikhu. Kutoka kinamasi mpaka soko ni kilomita tisa. Nani atasema anatoka kinamasini, kwani yeye ni chura?

Kwa hivyo tuliandika Misikhu. Miaka yote, Misikhu, Misikhu. Kwenye mraba wako mkubwa kosa hilo halikudhuru, kwa sababu soko na kinamasi vilikuwa ndani ya mraba mmoja. Kwenye mraba wangu mdogo likawahamisha wanyama wote kutoka majini likawapeleka sokoni. Mkubwa ulikificha kinamasi, mdogo ukakifuta. Na wewe ulijua. "Sisi hatujui," ulisema, na mimi nikakuita mwoga. Daftari za miaka kumi na mmoja ni mwandiko wangu, si wako. Mimi ndiye niliyeandika Misikhu, mimi mtoto wa hapo hapo, niliyepaswa kujua kuliko mtu yeyote.

Nilikwenda Cheptais, alikobaki tangu mazishi, kumwambia Mama Chebet. Sikutaka asikie kwa wengine. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Kisha akasema, "Nasimiyu, msichana wangu, usimzike mara ya pili. Hana kitu kingine. Hakutuachia ng'ombe, hakutuachia ploti. Ametuachia jina. Kama kuna kosa, sema ni lako." Nilikasirika, sitakuficha. Nilitaka kumwambia kwamba mume wake alijua na akanyamaza. Lakini nilimwona alivyovimba macho, nikasema, "Nimesikia, Mama." Sikusema nimekubali. Wakati naondoka akanipa mkoba wako, ule uliorudishwa kutoka hospitali, hajaufungua. "Ni vitu vya kazi," akasema. "Siwezi kuviangalia."

Ndani kulikuwa na chupa ya maji, dawa zako za presha, soksi, na daftari jipya. Ulikuwa umenakili kila mnyama wa Misikhu kutoka daftari zangu, na jina la mtu aliyetuambia. Na kando ya baadhi ya majina, kwa penseli, mwandiko wako mdogo ule wa kubana: "Hatua mia mbili chini ya daraja la miti." "Penye mafunjo yaliyokatwa, upande wa jua kuzama." Majina ishirini na sita yalikuwa na penseli. Arobaini na matatu hayakuwa na kitu. Sikutaka kuelewa.

Kesho yake nikaenda Misikhu. Pale poshomili nikaanza kuulizia watu wa kwenye daftari, na kijana mmoja wa boda, Wekesa, akanitazama akasema, "Si wewe ni wa Mwalimu? Mimi ndiye nilimbeba, dada. Pole sana." Nikamshukuru. Nikamuuliza ulianguka upande gani. Akasema, "Si hapa tu Misikhu." Na mimi nikaitikia kwa kichwa! Haki ya Mungu, Mwalimu, niliitikia, na daftari lako liko mkononi mwangu. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka ndipo miguu ikakataa. Nikarudi. Nikamwambia, "Wekesa, ulipomwona, wewe ulikuwa umesimama wapi?"

"Aa, hapo?" akasema. "Hapo ni huko chini. Hapo ni Nabuloli."

Alinipeleka. Barabara inaisha, mnashuka, mnasukuma pikipiki kwenye matope. Penye ukingo kabisa kuna nyumba ya Kukhu Nanjala, yule nyanya anayefuma mikeka ya mafunjo. Alikuwa ameketi nje na mafunjo yake magotini. Nilipotaja jina lako aliacha kufuma. Akasema ulifika kwake umevaa gambuti, umelowa jasho, ukaomba kiti. Akasema ulimwambia, "Kukhu, usiniambie unatoka wapi. Niambie siku ile ulipomwona nzohe ulikuwa umesimama wapi." Naye akakupeleka. Ulipima hatua kwa miguu, ukihesabu kwa sauti, ukasimama mara mbili ukishika kifua. Akakuambia upumzike, ukamwambia bado watu wengi na mkutano uko karibu. Kisha ukaketi juu ya gogo kuandika. Akadhani umelala.

Kliniki ya presha! Ulikuwa unarekebisha kosa langu kabla kamati haijakutana, peke yako, kwa moyo ule mbovu, kwa sababu mtu uliyemfundisha kazi alikuambia unaogopa kazi. Hukutaka kuniaibisha. Hukuniambia hata neno. Na hilo ndilo ninalokukasirikia mpaka leo, uniwie radhi: ungeniambia, ningekwenda mimi. Nina miguu. Nina moyo mzima. Ungeniita mjinga tukaenda wote, na leo ungekuwa kwenye kiti hiki ukinilalamikia chai haina sukari.

Nilikuwa na siku sita kabla ya mkutano. Kila alfajiri nilikuwa Nabuloli na Kukhu Nanjala, nikitembea kwenye penseli zako, moja baada ya nyingine, kuona kama kuna kitu bado. Nyayo za nzohe ziko, ndefu, zimepanuka. Mavi ya fisi maji yako juu ya jiwe, yamejaa magamba ya kaa. Siku ya nne nikiwa nimezama mpaka magotini nilimsikia nzohe akibweka ndani ya mafunjo, karibu sana, nikaganda pale maji yakiingia kwenye viatu. Nilitaka kukugeukia nikuonyeshe.

Mkutano ulikuwa Bungoma, Alhamisi, ukumbi umejaa. Wale waliotarajia mashamba walikuja mapema wakakaa mbele. Siwalaumu, Mwalimu. Kuna mama pale ana watoto watano na robo ekari. Nyuma kabisa, karibu na mlango, nikamwona Mama Chebet, amefunga kitambaa cheusi. Hakuniambia anakuja.

Mwenyekiti akainua ramani yangu juu watu waione. "Wataalamu wetu wanasema ni patupu," akasema, "au sivyo, madam?" Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, ramani hiyo ni ya uongo." Ukumbi ukavuma. Nikaweka ramani mbili ukutani, yako na yangu, nikawaeleza hii imeficha nini na hii imefuta nini, na kwamba ni nchi ile ile na wanyama wale wale, ni ukubwa wa mraba tu uliobadilika. Nikatoa ya tatu, ndogo, ya Nabuloli peke yake, na alama zako ishirini na sita. Nikasema, hizi ndizo za kweli, pahali mtu aliposimama, na nzohe wa hapa na nzohe wa Kitale hawatembeleani: katikati yao ni mahindi matupu. Wa hapa wakiisha, wameisha.

Jamaa mmoja wa mbele akapiga kelele, "Leo alama ziko, jana hazikuwa! Mmelipwa na nani?" Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza. "Madam, wewe umetuletea ramani, wewe unaikataa. Kosa ni la nani?"

Nilimtazama Mama Chebet. Alikuwa ananitazama bila kupepesa. Neno moja tu, "langu", na jina lako lingetoka ukumbini safi. Nililitaka neno hilo. Lakini zile alama za penseli ni zako, Mwalimu. Nikisema hukukosea kitu, basi hukuwa na cha kurekebisha, na zile alama zinakuwa nini? Za kubuni. Jamaa yule angezirarua.

Nikasema, "Ni letu sote wawili. Mwalimu Ndiwa na mimi."

Mwenyekiti akasema, "Na watu wazima, wasomi, mnakoseaje pahali?"

Hapo ndipo nilipoitoa ratiba ya mazishi yako kwenye mkoba. Sikuwa nimepanga. Ilikuwa imekunjwa ndani ya daftari. Nikaisoma: "Aliaga dunia ghafla huko Misikhu." Nikasema, haya niliyaandika mimi. Aliyembeba alisema Misikhu, hospitali ikaandika Misikhu, na mimi nikachapisha, na nyote mliohudhuria mlisoma na hakuna aliyeuliza. Hakufia Misikhu. Alifia Nabuloli, ukingoni, akiandika alama ya ishirini na sita, kwa sababu alijua kosa letu na alikuwa analirekebisha kwa miguu yake. Hivyo ndivyo tunavyokosea pahali, mheshimiwa.

Nikasikia kiti kikisukumwa nyuma. Mama Chebet alikuwa amesimama. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilifika. "Alikuwa wapi?"

Nikamjibu mbele ya wote, "Nabuloli, Mama. Kwa Kukhu Nanjala. Hakuwa peke yake."

"Na mimi naambiwa leo? Pamoja na hawa?"

Aliketi, akajifunika uso kwa kile kitambaa. Kuhusu hilo sina la kujitetea. Nilijua siku sita na sikumwambia, niliogopa. Wewe hukuniambia, mimi sikumwambia. Tumefanana kwa ubaya huo, wewe na mimi.

Kamati haikutupa ushindi, usidhani. Mwenyekiti alisema mgao umesimama, na hakuna mtaro utakaochimbwa mpaka watu wa kamati wenyewe watembee Nabuloli baada ya mvua, na kila alama ionyeshwe kwa macho, na yale majina arobaini na matatu pia. Nikishindwa kuonyesha nyingi kati ya hizo, watakausha. Mama wa robo ekari alinipita mlangoni bila kunisalimia. Nje, Mama Chebet alikuwa amesimama kwenye jua. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Nipeleke."

Tulikwenda siku hiyo hiyo, na viatu vyake vya kanisani. Kukhu Nanjala alimshika mkono akamwonyesha gogo. Mama Chebet akaniuliza, "Hapa haswa?" Nikasema, hapa haswa, Mama. Akavua viatu, akakanyaga pale chini kwa miguu mitupu, akanyoosha mkono kuelekea daftari lako kwapani mwangu. "Basi andika vizuri," akasema. Akalia kwa sauti, na mimi pia, na Kukhu akatuacha tulie.

Hajanisamehe. Lakini ameniambia chumba hiki nikitumie mpaka mvua ziishe, na jana ametuma sukari.

Mwalimu, naomba radhi kwa neno lile. Hukuwa mwoga. Mwoga ni mimi niliyetuma ramani wakati umesafiri. Pumzika sasa, mzee wangu, na ukiweza kunikasirikia huko uliko, nikasirikie, ni haki yako, ila usininyamazie. Jumatatu naanza na jina la ishirini na saba. Nitakwenda na kila mmoja wao mpaka pale aliposimama, nami nitasimama hapo kabla sijaandika neno, mpaka yote arobaini na matatu yaishe. Na nikikosea, nitasema siku hiyo hiyo, kwa sauti, kwa mtu aliye hai.

Mwanafunzi wako,
Nasimiyu